Matairi ya A/T kwa barabara za Dodoma: lepesi, la LT au M/T?

Ingia duka la matairi mjini Dodoma, sema unataka matairi ya porini kwa Prado au Hilux yako. Utaonyeshwa matairi mawili ya ukubwa mmoja, 265/65R17, kashata zake (vinundu vya mpira vinavyokanyaga barabara) zinakaribia kufanana, lakini bei zimepishana mbali. Muuzaji atakwambia lile la bei kubwa ni "gumu". Amesema kweli. Ila ugumu huo una gharama zake, na kwa baadhi ya magari yanayozunguka hapa mjini ni hasara tupu. Kwa mengine, kuchukua lile la bei ndogo ni kujitafutia kulala Farkwa na matairi mawili yaliyochanika ubavu.

Watu wengi hubishana kuhusu A/T (all-terrain, tairi la njia zote) na M/T (mud-terrain, tairi la tope). Kwa Kanda ya Kati naona swali kubwa zaidi ni hilo la matairi mawili ya A/T yanayofanana sura, kwa hiyo nitakaa nalo kwa muda mrefu kuliko mengine.

Kinachomaliza matairi huku

Mvua zetu ni za msimu mmoja, na sehemu nyingi za mkoa hupata kati ya milimita 500 na 700 kwa mwaka, karibu zote zikinyesha kuanzia Desemba hadi Aprili. Miezi mingine yote adui wa tairi ni jiwe, mwiba na joto.

Na kilomita nyingi za gari la Dodoma ni za lami. Kwenda Morogoro ni lami, Singida lami, Iringa kwa kupita Mtera lami, Babati kwa kupita Kondoa lami. Unatembea kilomita mia na zaidi mchana wa Oktoba, lami inawaka, gari limebeba watu na mizigo. Kisha unakata kona kuingia barabara ya kijiji: changarawe, mawe meupe yenye makali, njia za ng'ombe zilizoangukiwa na matawi ya mgunga, na korongo la mchanga la kuvuka kabla hujafika. Tairi linalotufaa ni lile linalovumilia joto la mwendo mrefu na ambalo ubavu wake hauchaniki kwa jiwe la kwanza. Tope linakuja baada ya hayo.

A/T la kawaida na A/T la LT

Chuchumaa usome ubavu. Tairi la kwanza limeandikwa 265/65R17 112S. La pili limeandikwa LT265/65R17 120/117S. Herufi mbili za mwanzo, LT (light truck, yaani gari dogo la mizigo), ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya tofauti ya bei.

Namba 112 maana yake tairi moja linaweza kubeba kilo 1,120. Namba 120 ni kilo 1,400. Ile 117 inayofuata, kilo 1,285, ni kwa magari yanayofunga matairi mawili mawili nyuma, kwa hiyo iache. S ni mwendo, kilomita 180 kwa saa, ambao hakuna anayeuhitaji. Tairi la LT mara nyingi huwa pia na herufi E au maandishi ya plai 10. Usidhani ndani mna tabaka kumi za nyuzi. Hicho ni kipimo cha nguvu kilichobaki tangu enzi matairi yakitengenezwa kwa nyuzi za pamba. Lakini unene ni wa kweli. Tairi likiwa bado halijafungwa kwenye rimu, bana ubavu kwa mikono miwili ujaribu kuukunja. La kawaida linakubali. La LT linakusukuma mikono.

Ugumu huo unalipiwa kwa uzito. Kwa ukubwa huu, tairi la LT linaweza kuzidi la kawaida kwa kilo nne au tano. Zidisha kwa matano, pamoja na spea taya. Gari linakuwa zito kuondoka, linataka breki zaidi kusimama, mafuta yanapanda, na shokapu zinafanya kazi ya ziada kila gurudumu linapodunda. Kwa mtu anayetoka Area C kwenda Mji wa Serikali Mtumba asubuhi na kurudi jioni, anayekwenda shamba la zabibu mwisho wa wiki, anabeba uzito huo siku zote bila kupata faida yake.

Halafu kuna suala la upepo, na hapa ndipo watu wengi wanaponunua tairi zuri kisha kuliua wenyewe. Kibandiko cha mlangoni mwa Hilux au Prado mara nyingi kinasema psi 29 au zaidi kidogo. Hesabu hiyo ilifanywa kwa tairi la kawaida lililokuja na gari. Tairi la LT linahitaji upepo mwingi zaidi ili kubeba mzigo uleule. Kwa magari haya linakaa vizuri kwenye 36 hadi 40. Ukiliachia 29 na gari limejaa, ubavu ule mnene unakunjwa na kukunjuliwa kila mzunguko, joto linapanda ndani, na mwisho wa safari ya Morogoro unakuta kashata zimeanza kuachana na kitambaa cha ndani. Lawama inakwenda kwa kiwanda wakati kosa ni la geji. Upande wa pili, ukiliweka 38 gari likiwa tupu kwenye barabara ya vumbi iliyofanya mawimbi, utajisikia kila wimbi mgongoni.

Nani achukue lipi? Mimi hutazama vitu viwili: mzigo, na umbali wa fundi. Kama gari lako hubeba watu wanne na mabegi, na hata likiharibika utakuwa umbali wa saa moja kutoka kwa mtu mwenye mashine ya kufungulia matairi, A/T la kawaida linakutosha na utalifurahia zaidi barabarani. Rav4, Escudo na X-Trail zote ziko hapa. Ukubwa wa matairi yake kwa kawaida hata hautoki kwa LT, na hakuna haja. Kama ni Hilux inayopakia saruji na mabati kwenda Chemba, gari la mradi linalozunguka Kiteto, gari la wageni linaloingia Swagaswaga au kuendelea hadi Ruaha, nunua LT na usihesabu tofauti ya bei. Pancha ya ubavu katikati ya pori la Itigi inagharimu kuliko tofauti hiyo.

Jina la kampuni peke yake halitakuonyesha. Yokohama Geolandar A/T, kwa mfano, hutengenezwa kwa namna zote mbili, ukubwa mmoja na LT na mwingine bila. BFGoodrich KO2, lenye maandishi meupe ambayo vijana wanayapenda, kwa ukubwa mwingi ni LT. Mtu analifunga kwenye Prado ya familia kwa sababu ya sura, kisha analalamika gari limekuwa gumu. Mwambie muuzaji akugeuzie tairi usome mwenyewe.

Mawe na miiba

Kwenye changarawe ndefu, kama ile ya Kongwa kwenda Kibaya, A/T zote mbili hufanya kazi vizuri zaidi ukipunguza upepo kiasi, kama robo ya ule wa lami. Tairi likiwa limejaa sana, kashata hazina nafasi ya kuzama juu ya jiwe, kwa hiyo jiwe linakata mpira. Likilegea kidogo linalifunika jiwe na kupita. Ila usilegeze kupita kiasi kwenye mawe makubwa. Upepo ukipungua mno ubavu unatokeza nje, na huo ndio usiozibika kwa uhakika. Tundu la katikati ya kashata fundi atalimaliza kwa kiraka cha ndani au kwa ule uzi mnene wenye gundi. Mchaniko wa ubavu atakushonea ufike mjini, baada ya hapo ni kutupa.

Hapo ndipo LT linapojilipa. Panda barabara ya kwenda kwenye michoro ya miambani ya Kolo, iliyoingia urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006, uone mawe yanayokaa pembeni mwa njia, yamesimama kwa ncha, sawa kabisa na kimo cha ubavu. A/T la kawaida linapita pia, nisikutishe, lakini dereva lazima ashuke mwendo na achague mahali pa kukanyaga.

Mwiba wa mgunga ni habari nyingine. Hakuna tairi la gari dogo linaloukataa kabisa. Tofauti ni kwamba kashata ikiwa na kina cha milimita 11 au 12, mwiba mwingi unakatikia ndani ya mpira bila kufika kwenye hewa. Tairi lililobakiza milimita nne, hata liwe LT la bei gani, linatobolewa. Kwa mtu anayezunguka kwenye maboma ya mifugo, ambako uzio ni matawi ya miiba na mengine huburutwa hadi njiani, kina cha kashata kinampa kinga kuliko jina. Asingoje alama ya mwisho ya milimita 1.6, abadilishe matairi yakibaki na milimita nne au tano.

M/T: kwa ajili ya nani?

Tairi la M/T lina kashata kubwa zilizoachana, zenye kina cha hata milimita 15 au 16. Linavutia. Na watu huuliza: si tuna mbuga za Bahi, udongo mweusi ambao Februari unanasa hata trekta?

Udongo mweusi wa mbuga ni kitu cha kuheshimu. Ukilowa, unashika tairi la A/T na kujaza mianya yote ndani ya mizunguko michache. Tairi linabaki laini, duara la udongo. M/T linajisafisha kwa kurusha udongo nje, lakini linafanya hivyo likizunguka kwa kasi, na kwenye mbuga kuzungusha kwa kasi ni kuchimba. Kwa hiyo faida ipo, lakini ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Mwenyeji wa Bahi mwenye busara hungoja jua la siku moja au mbili, au huzunguka kwa njia ya juu. Kama kazi yako ni ya kilimo cha mpunga na lazima uingie kila wiki ya masika, funga M/T, na uwe na winchi au gari la pili. Wengine wote watakuwa wananunua tairi la wiki chache ili kuliburuza miezi mingine yote.

Maana M/T kwenye lami ya joto linalika haraka, linanguruma hadi watu wa nyuma hawasikilizani, na linachelewa kusimama kwenye lami iliyolowa. Mvua ya kwanza ya Desemba, ikikutana na vumbi na mafuta ya miezi saba kwenye mteremko, inahitaji mpira mwingi unaogusa barabara. M/T lina mchache. Lina pia tabia ya kubana mawe katikati ya kashata, na jiwe lililobanwa linaendelea kuchimba kuelekea ndani kila mzunguko.

Mchangani nako halishindi. Makorongo ya Kondoa na Chemba, yenye mchanga mzito ulioshuka kutoka milimani kwa mmomonyoko uliofanya Serikali ianzishe mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma mwaka 1973, yanataka tairi linaloelea. A/T lenye kashata za wastani, upepo ukishushwa hadi 16 au 18, linatanuka na kupita. M/T linachimba. A/T la LT nalo, kwa sababu ya ubavu mgumu, huenda likahitaji kushuka hadi 15 ndipo litanuke sawasawa. Hapa la kawaida linalishinda la LT, na ni vema kulisema, kwa sababu wauzaji hawalisemi. Lolote utakalochukua, pampu ya kuchomeka kwenye betri na geji nzuri viwe ndani ya gari, vinginevyo hutathubutu kutoa upepo.

H/T lisidharauliwe

Kwa gari linaloishi kwenye lami na kuingia vumbi mara mojamoja, H/T (highway terrain, tairi la lami) lina breki nzuri zaidi, kelele kidogo na maisha marefu. Kashata zake ni fupi, kwa hiyo miiba na mawe vinalipata mapema. Kama shamba lako liko Hombolo au Ihumwa na njia yake ni ya udongo mgumu, H/T lenye namba kubwa ya mzigo linakutosha.

Wenye mkonga

Land Cruiser hardtop, yaani mkonga, ina mjadala wake. Nyingi bado zinatembea na 7.50R16 zenye tyubu, juu ya rimu ya vipande yenye pete ya chuma. Mbadala wake wa karibu ni 235/85R16 tubeless, ambalo kimo chake ni karibu milimita 806, sawa na lile la zamani, kwa hiyo spidomita na gia hazisumbuki. Lazima ubadili na rimu, kwani ile ya vipande haishiki hewa bila tyubu.

Tubeless linashinda kwa mengi. Mwiba ukiingia, mara nyingi hewa inatoka taratibu, unafika. Kwenye tyubu, tundu likipatikana hewa inakwisha mara moja. Tubeless halina msuguano wa tyubu na tairi, kwa hiyo halipati joto sana kwenye lami, na ukitaka kushusha upepo kwa ajili ya mchanga tyubu haitajizungusha na kukata shingo ya valvu.

Lakini nenda mbali na lami uone jinsi 7.50 linavyotengenezwa. Fundi wa kijijini anatoa hewa, anapigapiga pete kwa nyundo na liva mbili, pete inaruka, anavuta tyubu, anaipitisha kwenye beseni la maji kutafuta mapovu, anaikwaruza, anabandika kiraka. Hahitaji mashine, hahitaji umeme, na kama hana kompresa kuna pampu ya mguu. Tubeless likibanduka kwenye rimu mahali pale, hewa ya pampu ya mguu hailirudishi. Kwa gari la zahanati au la misheni linalofanya kazi siku zote vijijini Mpwapwa na Kondoa, ningebaki na 7.50. Kwa linalotoka Dodoma hadi Iringa kila wiki, ningehamia 235/85.

Tahadhari ya hiyo rimu: wakati wa kujaza, gurudumu lifunikwe chini ya gari au lifungwe mnyororo, na mtu asisimame mbele ya pete. Ikiruka kwa sababu haijakaa sawa, huua.

Matairi ya mtumba na yaliyokuja na gari

Magari mengi yanatoka Japani, na mengine huja yamefungwa matairi ya theluji. Kwa macho yanafanana na A/T: kashata nyingi, mistari midogo iliyochongwa kila mahali. Muuzaji wa mtumba atakuuzia kama tairi la porini na huenda naye anaamini hivyo. Soma ubavuni. Ukiona neno STUDLESS, liache. Mpira wake umetengenezwa uwe laini kwenye barafu. Juu ya lami ya Dodoma unakuwa tepetepe, unaisha haraka na breki zinakuwa ndefu. Alama ya M+S peke yake isikutishe, kwani A/T nyingi za kawaida zinayo. Ile ya mlima wenye kipande cha theluji, ikiwa kwenye A/T jipya, haidhuru, ila usikubali kuilipia zaidi. Hatuna theluji ya kuijaribia.

Tazama na tarehe. Mwisho wa mfululizo unaoanza na DOT kuna namba nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Jua letu linakausha mpira hata dukani, hasa matairi yanayopangwa nje barazani kama tangazo. Tairi "jipya" lenye miaka mitano ni la kukataa au kupunguziwa bei sana, na likiwa na nyufa ndogo chini ya kashata mazungumzo yaishie hapo.

Kupandisha ukubwa, na lile la tano

Wengi hutaka kutoka 265/65R17 kwenda 265/70R17 ili gari lisimame juu. Kimo kinaongezeka kutoka milimita 776 hadi 803, kama asilimia 3.4, na nusu tu ya nyongeza hiyo ndiyo inayoinua gari. Spidomita ikisema 50 kijijini, wewe uko karibu 52, na kwenye tochi hiyo ni juu ya kikomo. Kama hufungi LT na huendi mbali, baki na ukubwa wa kiwanda.

Nunua matano. Prado na Land Cruiser nyingi zina 4WD ya wakati wote. Spea taya chakavu au ya ukubwa mwingine ikifungwa kwa safari ndefu inalazimisha difu ya kati kufanya kazi bila kupumzika. Spea iingie kwenye mzunguko, kila kilomita 8,000 hadi 10,000, yote matano yalike pamoja. Baada ya kufungwa, pima alaimenti siku hiyohiyo, na ukishatembea kilomita 50 hadi 100 simama ukaze nati upya.